Mkono wa Mama Watano

Risala ya wafuaji, wanyooshaji na washonaji wa idara ya dobi kwa mgeni rasmi, siku ya kuzindua mashine mpya ya kukaushia

Mgeni rasmi, Baba Askofu, mwenyekiti wa bodi ya hospitali yetu, Katibu wa hospitali, Daktari Mkuu, Sista Matroni na masista wote, wafanyakazi wenzetu wa wodini, jikoni na getini, na nyinyi wagonjwa mliofunguliwa madirisha ili msikie:

KARIBU

Baba Askofu, karibu dobi. Tunajua hujawahi kufika huku, na hatukulaumu, maana hata waliotujengea walituweka nyuma ya chumba cha maiti ili tusionekane. Wageni wengi huishia wodini, wakasifu weupe wa mashuka, wakaondoka wakidhani weupe huo unashuka wenyewe kama umande. Wewe leo umekuja mpaka kwenye maji ya sabuni, na viatu vyako vimeshalowa. Tunaomba radhi kwa viatu. Kwa yatakayofuata hatuombi radhi, ila uvumilivu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu karatasi hii. Katibu wetu, kwa wema wake, alitutayarishia risala. Ilikuwa nzuri, fupi, ina salamu mwanzoni na salamu mwishoni, na katikati inaomba sabuni. Sabuni tunayo. Imejaa stoo mpaka mlango haufungi. Kwa hiyo risala ile tuliikunja vizuri, kama tunavyokunja kila kitu, tukaandika hii. Anayeisoma ni mshonaji wetu wa vifungo, aliyechaguliwa kwa sababu amezoea kuongea akishindana na mashine, na leo mashine zimezimwa. Katibu, tafadhali kaa tu. Kiti chako kiko katikati ya masista wawili na hakuna pa kupita bila kuwakanyaga.

TULIKOTOKA

Dobi ilianza na mabeseni na kamba iliyofungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Bibi yetu, aliyekaa pale mstari wa mbele na ambaye amekataa kustaafu mpaka aione mashine mpya ikizunguka, ndiye aliyeifunga kamba ile. Tangu wakati huo wote walioajiriwa hapa ni wanawake, isipokuwa fundi wa jenereta, ambaye tunamhesabu kwa huruma.

Hapa kwetu majina ya kwenye vitambulisho ni ya ofisi. Sisi tunaitana kwa tunavyojuana. Mwenzetu tutakayemzungumzia leo alikuja akiwa binti mwembamba, anajificha nyuma ya marundo ya mashuka akiogopa hata mlio wa mashine. Akaolewa na fundi baiskeli, akazaa, tukamwita Mama Mmoja. Muda si muda akawa Mama Wawili. Alipokuwa Mama Watatu alishapewa pasi kubwa ya mvuke, ile ambayo ukiizubalia inakula vidole. Mama Wanne akawa kiongozi wa zamu, na sauti yake ikawa inasikika mpaka kwa marehemu wa chumba cha jirani. Kila akirudi kutoka likizo ya uzazi tulikuwa tunabadilisha jina, na utani wetu ulikuwa kwamba tutaishiwa tarakimu.

Watoto wake anawapenda wote, asije mtu akasema tulisema vingine. Kila mmoja anamjua kwa kisa chake: wa kwanza anayemsahihisha baba yake, wa pili anayeweza kulala akiwa amesimama, wa tatu anayefuatwa na mapaka yote ya jirani. Wa nne alikuwa akimleta hapa akimlaza kwenye kapu la foronya, na zaidi ya mara moja tulikaribia kumpeleka wodini na nguo.

MAFANIKIO

Baba Askofu, tunayo ya kujivunia. Wagonjwa waliohamishiwa kwingine wamerudi wakisema tiba ya huko ni nzuri lakini shuka linawasha. Tumefua maji yakiwa yamekatika. Mvua zikigoma kuisha tumekausha nguo juu ya mabomba ya jikoni, na hakuna upasuaji hata mmoja ulioahirishwa kwa kukosa nguo safi. Mifukoni mwa makoti tumeokota meno ya bandia, barua za mapenzi, na pete ya ndoa ya daktari mmoja, ambayo tulimrudishia yeye mwenyewe, si mkewe. Hilo nalo tunalihesabu kuwa mafanikio.

Lakini ujuzi wetu mkubwa ni mwingine. Sisi tunasoma mashuka. Habari haijafika ofisini, kwetu imeshafika kwenye kikapu cha magurudumu. Tunajua nani kajifungua salama, nani anajikaza mbele ya ndugu zake na kulowesha mto wakiondoka. Na tunajua kwamba damu huanza kufuliwa kwa maji baridi. Ukiitia maji ya moto imeganda, haitoki tena. Hilo kila mgeni hapa hufundishwa kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Siku Mama Wanne alipokwenda kujifungua wa tano, aliondokea hapa hapa kwenye pasi. Alizima mashine, akakunja shuka aliloshika, akasema, "Nakuja," kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Mchana kikapu kikashuka. Bibi akafungua fungu la juu. Akafungua la pili. Akasema neno moja tu: "Maji baridi."

Kikaja kikapu cha pili. Kikaja kingine. Katikati ya mashuka kulikuwa na kitambaa cha kichwani, cha bluu, kile alichokuwa amekivaa asubuhi akitusimanga kwa uvivu. Tulifua. Yalipotoka maji safi tukafua tena, kana kwamba yule mwanamke alikuwa ndani ya yale mashuka na tukiyaacha atakwenda zake. Jioni Sista Matroni alishuka mwenyewe, aproni imemganda mwilini, akasimama mlangoni.

"Yu hai," akasema. "Wote wawili wako hai."

Kisha akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu na kulia. Sista, utusamehe. Ulituambia tusiseme.

Kwa hiyo mafanikio yetu makubwa ni kwamba tunaye Mama Watano.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, ingawa ina miguu mingi.

Kabla Mama Watano hajaruhusiwa kwenda nyumbani, daktari alikuja akakaa kwenye kitanda chake, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari njema.

"Mama, hili tumbo limeshonwa mara ngapi?"

"Wewe ndiye unayeshona, Daktari. Mimi nilikuwa nimelala."

Hakucheka. Akamweleza kwamba kizazi kimechoka, kovu limekuwa jembamba kama shuka kuukuu, na akishika mimba nyingine yeye hawezi kuahidi lolote.

"Kwa hiyo nikiwa Mama Sita ndiyo basi?"

"Hakutakuwa na Mama Sita," daktari akasema. "Kutakuwa na watoto, na picha ukutani."

Akamwandikia kijiti, kile kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba. Alikiandika kwa herufi ndogo kuliko kawaida yake, huku akiutazama mlango. Mama Watano akaenda mpaka dirisha la bima akiushika ukuta.

Baba Askofu, bima yetu ni nzuri, na inakatwa kwenye mishahara yetu. Imenunua miwani ya Katibu, ya kusomea na ya jua. Imeng'oa meno ya mlinzi. Imelipia vile vidonge vya kumrudishia mwanamume ujana, alivyoandikiwa fundi wa jenereta, na tunajua kwa sababu alitangaza mwenyewe, akizunguka na pakiti mkononi kama amepata cheti. Tulimpigia makofi. Lakini kadi ya Mama Watano ilipopitishwa, mashine ililia na kuikataa.

"Huduma hii imeondolewa," karani akasema. "Kwa ombi la mwajiri."

"Mwajiri gani?"

"Hospitali."

"Hospitali ndiyo iliyoniandikia."

"Hospitali imekuandikia, na hospitali imekataa. Mimi ni karani tu, mama."

Ndiyo maana tunauliza, kwa heshima zote: moto wa fundi wa jenereta uliwashwa kwa kadi, na hakuna aliyeona haya. Mbona ilipoombwa ndoo moja ya maji, watu wakaanza kutazama mbinguni?

Mama Watano alikwenda kwa Katibu, mtoto kifuani. Katibu alimpokea kwa upole, tuseme haki yake, akampa na kiti. Akamweleza kwamba hii ni hospitali ya imani, na taasisi ya imani ina dhamiri yake, hivyo haiwezi kulipia kitu kinachopingana nayo.

"Na mimi, Katibu? Mimi sina dhamiri?"

"Unayo, mama. Lakini wewe ni mfanyakazi."

Aliporudi akatusimulia, Bibi aliweka chini ndoo. "Mimi nimefua kila kitu kilichomo humu," akasema. "Nimefua makoti, mapazia, mpaka soksi za Katibu. Dhamiri ya hospitali haijawahi kupita hapa."

Badala ya kijiti, ofisi ilimpa kalenda, ili ahesabu siku zake, na nafasi kwenye semina. Kalenda ile ina picha yako, Baba Askofu, kila mwezi picha nyingine, na mumewe alisema hawezi kupanga lolote chumbani huku unamwangalia. Semina ilihusu kujitawala. Sote tulipelekwa. Mwezeshaji alizungumza vizuri sana, akachora na ubaoni. Mwishoni Bibi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, una watoto wangapi?"

"Tisa, mama. Na wa kumi yuko njiani."

Tukaenda chai mapema.

Huyo fundi baiskeli ni mtu mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Alimwambia mkewe, "Mimi sitaki watoto sita. Nakutaka wewe. Nitalala jikoni." Na kweli akahamia jikoni, miguu imetokeza mlangoni, watoto wakimruka asubuhi wakienda shule. Akavumilia mpaka mvua zikaanza, na jiko lile linavuja. Akarudi chumbani amejitwika godoro kichwani, anachuruzika maji. Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu sasa walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu.

Hapa, Baba Askofu, tunakuomba uache kidogo kutazama mashine mpya. Mama Watano alitueleza jambo hili akiwa amegeukia ukuta, na tulimwomba ruhusa tulisome. Anampenda mume wake. Si mume wa kugombana naye, si mlevi, si mtu wa kulazimisha. Lakini alikuwa akilala pale amekakamaa kama ubao wa kupigia pasi, akisikiliza pumzi za mwenzake. "Akinigusa bega tu," alisema, "nasikia kikapu kinashuka."

Tunajua wako watakaosema hayo si maneno ya kusoma mbele ya Askofu. Sisi tunasema mambo hayo yaliamuliwa na bodi, na bodi mwenyekiti wake ni wewe. Kama bodi imeweza kuingia chumbani kwa Mama Watano, basi Mama Watano anaweza kuingia kwenye risala.

Alimwendea Sista Matroni, akamkuta akihesabu bandeji.

"Sista, nifanyeje?"

Sista hakumtazama. "Mafundisho nayajua, na nayaamini. Siwezi kukuandikia, wala siwezi kukupeleka." Akaendelea kuhesabu, akapotea hesabu, akaanza upya. "Ila zahanati ya serikali iko ng'ambo ya soko, na sijawahi kumkataza mtu kwenda sokoni."

Akaenda siku yake ya mapumziko. Muuguzi wa huko alikuwa kijana mchangamfu, akamaliza kazi kabla yeye hajamaliza kuogopa. Akamfunga bandeji, akamwambia asibebe kitu kizito kwa siku kadhaa. Mama Watano akamuuliza kama mtoto ni kitu kizito. Akarudi nyumbani, akalala, akalala kabisa, mpaka watoto wakaja kumtikisa wakidhani anaumwa.

Siku alipoingia kazini ndiyo siku Katibu alipokuja kukagua pasi ya mvuke. Bandeji ikachungulia chini ya mkono wa gauni.

"Umeumia mkono?"

Angeweza kusema ameungua. Huku kila mtu ana alama za pasi, ni kama mhuri wa kazi. Tulimkonyeza sote. Mwingine alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama Watano alitutazama, akamtazama Katibu.

"Hapana, Katibu. Nimepona."

Alisimamishwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Aliambiwa yeye ni kiongozi wa zamu, ni mfano kwa wenzake, na mfano huo ni mbaya. Kijiti kikitoka, atarudi. Kisipotoka, asirudi. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya pasi ikiwa bado ya moto, na Bibi akaikimbilia kuiondoa isiungue. Getini mlinzi, ambaye wamesalimiana pale miaka yote hiyo, alimwomba kitambulisho, naye akampa.

Haikuishia hapo. Katibu alitaka kujua mfano ule mbaya umefuatwa na wangapi. Tukapangwa mstari pale kwenye kamba za kuanikia, tukaambiwa tukunje mikono ya magauni. Akaletwa muuguzi, binti kutoka wodi ya wanaume, aje atupapase mikono, mmoja mmoja, atafute kijiti. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Bibi, kwa sababu yeye ndiye mkubwa na kila kitu hapa huanzia kwake, hata uchunguzi wa uzazi.

Muuguzi akamshika mkono kwa aibu, akagusa kidogo tu.

"Papasa vizuri, mwanangu," Bibi akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Tangu mzee wangu afariki hakuna aliyenipapasa."

Mstari wote ukaanguka. Wapo waliokaa chini. Mlinzi alijificha nyuma ya shuka lililoanikwa na shuka likawa linatetemeka. Muuguzi yule alicheka akashindwa kuendelea, akamwambia Katibu kwamba amekagua na amekuta mikono. Sisi tuliona kitu kingine, ambacho Katibu hakukiona: jua lile lote, na yule binti muuguzi alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu.

Tulicheka, Baba Askofu, lakini usifikiri tulifurahi. Tulipokunjua mikono ya magauni yetu hakuna aliyemtazama mwenzake machoni. Mwanamke mzima, ana wajukuu au ana wachumba, amepangwa mstari ashikweshikwe kama anayenunuliwa. Siku hiyo nguo zilianikwa vibaya, na hakuna aliyezinyoosha.

HABARI YA KANZU

Kipengele hiki hakimo kwenye mpangilio wa risala za kawaida, lakini tumeona tusikufiche.

Ziara yako ilipothibitishwa, kanzu yako ya sherehe ililetwa hapa inyooshwe. Ina mikunjo midogo midogo kifuani na mikononi, na aliyeishona bila shaka alikuwa na ugomvi na wanyooshaji. Tulijaribu. Tulipomaliza ilikuwa kama kitu kilichotafunwa na ng'ombe, akafikiri, akakirudisha. Katibu alikuja, akaitazama, akatoka. Baadaye kidogo tarishi wake akaichukua kwenye mfuko wa plastiki, akapita nayo mlango wa nyuma.

Iliishia nyumbani kwa Mama Watano.

Aliitandaza mezani, watoto wote wakapandishwa kitandani wakakatazwa hata kupumua. Mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia kulea, akaizunguka ile kanzu mara mbili.

"Iunguze," akasema. "Kidogo tu. Hapo nyuma, akikaa hataona."

Mama Watano aliishika pasi juu ya kola. Alikiri kwetu kwamba aliishika pale muda mrefu, mpaka mtoto wa kwanza akauliza kama mama amesahau kunyoosha. Alikuwa amelia wiki nzima, ameulizwa na majirani, amesikia mtu kanisani akimwita muuaji kwa sauti ya kunong'ona inayosikika. Na sasa waliomfukuza walikuwa wamemletea kazi.

"Nguo haijanikosea, mama," akasema mwishowe, akanyoosha.

Akanyoosha mkunjo kwa mkunjo, huku akizungumza nawe. Kila alichotaka kukuambia alikisema, kwenye mabega ya kanzu, kwa sababu ndipo penye kazi nyingi. Kwa hiyo, Baba Askofu, ukihisi mabega mazito leo, si joto.

Tarishi alipokuja kuichukua alikuwa na ujumbe wa Katibu: arudi kazini kimya kimya, avae mikono mirefu, asiseme na mtu, na yeye Katibu hatauliza tena. Ujumbe huo tunaupokea kama dalili kwamba Katibu naye ni binadamu. Mumewe alikuwa mlangoni na gurudumu mkononi, akamwambia, "Kubali, mke wangu, tupumzike." Mama Watano alifikiri. Tunajua alifikiri, kwa sababu aliiacha pasi ikiwaka mezani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mwambie Katibu nashukuru," akamwambia tarishi. "Nitarudi mkono wangu ukiwa wazi, na kadi za wenzangu zikikubaliwa. Peke yangu sirudi."

MAOMBI

Hatuombi hospitali ibadili imani yake. Imani ni yenu, na kwa wengi wetu ni yetu pia. Jumapili tunakaa viti vya nyuma kwa sababu ya harufu ya dawa za kufulia, lakini tupo, na tunaimba kuliko waliokaa mbele. Wapo kati yetu wasiotaka kijiti wala kidonge, na hao hatutaki mtu awalazimishe. Tunachoomba ni hiki tu, kwamba mwanamke akiambiwa na daktari wa hospitali hii afanye hivi ili abaki hai, au akiamua mwenyewe na mumewe kwamba watoto wametosha, kadi yake ifunguke.

Na kama hospitali haitaki kutia mkono wake, iuondoe tu. Tumeuliza kampuni ya bima, tukaambiwa wako tayari kulipia wenyewe, bila hospitali kutia saini chochote. Wanachosubiri ni bodi tu isipinge. Baba Askofu, hilo ni jambo la kukaa kimya, na kukaa kimya hakumfanyi mtu atende dhambi. Sisi tumekaa kimya miaka mingi na bado tunakwenda kuungama.

Tunaomba pia asiwepo tena mwanamke wa kupangwa mstari na kupapaswa. Bibi peke yake ndiye aliyefaidika.

Na tunaomba Daktari asiulizwe kwa nini aliandika kwa herufi ndogo, wala Sista asiulizwe kuhusu soko.

KUFUNGA

Ile hoteli ya barabara kuu inatafuta wanyooshaji. Msimamizi wake wa vyumba ameshafika nyumbani kwa Mama Watano, ameona kazi yake, na kazi ipo kuanzia Jumatatu. Bima yao haina dhamiri, inalipa tu. Alipokuwa akiondoka yule msimamizi alitukuta tumekwenda kumtembelea mwenzetu, tumejaa chumba kizima mpaka kitandani, akauliza: "Na nyinyi mko wangapi?" Tumemwambia tutamjibu baada ya sherehe hii.

Mama Watano yuko nje ya geti sasa hivi, mtoto mgongoni. Aliambiwa sherehe ni ya walioalikwa. Ukikubali maombi yetu, mwambie mlinzi afungue, na yeye ndiye atakayekuwashia hiyo mashine, maana kati yetu hakuna mwingine aliyesoma maelezo yake. Ukikataa, hatutakununia. Tutakupigia makofi, tutakunja mashuka ya leo yote mpaka la mwisho, na tutaacha sakafu kavu. Na kanzu hiyo ikichafuka usihangaike. Hoteli inapokea nguo za watu wa nje. Unapita mlango wa nyuma, unamwulizia Mama Watano, atakunyooshea vizuri sana.

Mungu akupe afya, Baba Askofu, akupe maisha marefu na watu wa kukuambia ukweli. Awape madaktari wetu mikono isiyotetemeka, awape masista wetu usingizi, na Katibu wetu ampe ujasiri wa kutazama juu, maana tangu tuanze anatazama viatu. Wanaojifungua leo juu ya mashuka yetu, awarudishe nyumbani kwao wakitembea.

Ni sisi wenye mikono yetu:

Wafuaji, wanyooshaji na washonaji wa dobi.